Bosi Mgumu na Kuhama Kazi: Mwongozo kwa Mwajiriwa wa Sekta Binafsi Tanzania Bara

Anayeandika barua ya kuacha kazi usiku, hasira ya mchana ikiwa bado haijashuka, mara nyingi hupoteza vitu vitatu kwa mkupuo: kiinua mgongo, mafao ya kukosa ajira ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), na nafasi nzuri ya kudai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamlinda mfanyakazi kuliko wengi wanavyodhani. Ila ulinzi wake unategemea maswali mawili: nani aliyevunja mkataba, na karatasi gani zipo za kuthibitisha. Kwa hiyo mpangilio wa hatua una uzito kuliko ujasiri. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake, hata kama moyoni umeshaamua kuondoka.

Maelezo haya ni ya sekta binafsi, Tanzania Bara. Watumishi wa umma wana sheria na mamlaka zao za nidhamu, na Zanzibar inatumia Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, yenye masharti tofauti.

Hatua ya 1: Jua ugumu wa bosi wako uko wapi

Chukua karatasi, andika mambo matano ya mwezi uliopita yaliyokuumiza zaidi. Kisha mbele ya kila moja jiulize: hili ni tabia tu, au amevunja sheria?

Bosi anayefoka, asiyesifu mtu, anayetaka kuona kila barua kabla haijatoka, au anayetoa agizo asubuhi na kulikana jioni, anachosha. Dawa yake ipo katika namna ya kufanya naye kazi, na ukilipeleka peke yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, utarudi mikono mitupu.

Kuna mengine ambayo ni uvunjaji wa sheria, na haya uyajue kwa tarakimu:

- Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. (Meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahesabiwi katika masharti haya ya saa.)
- Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, sikukuu zikiwa ndani yake. Ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa.
- Kukatwa mshahara kwa sababu ya hasara au kitu kilichoharibika hakuruhusiwi mpaka upewe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na upewe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayo hayazidi robo ya mshahara wako wa fedha. Wahudumu wa baa, wauza duka na madereva ndio wanaoumizwa zaidi hapa, kwa sababu bosi hukata shoti yote siku ya mshahara na kusema ndio utaratibu wa kampuni. Utaratibu wa kampuni hauwezi kuwa chini ya sheria.
- Ubaguzi kwa jinsia, dini, kabila, ujauzito, ndoa, ulemavu, hali ya VVU na mengineyo umekatazwa, na unyanyasaji unaotokana na hayo unahesabiwa kuwa ubaguzi.

Rushwa ya ngono iko peke yake. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usiisubirishe mpaka upite katika ngazi za ofisi, hasa kama bosi huyo ndiye ngazi yenyewe. Piga TAKUKURU, namba ya bure 113, hifadhi ujumbe wowote aliokutumia, na usiende kukutana naye faraghani ili "kumaliza suala".

Hatua ya 2: Anza kuweka kumbukumbu leo

Nunua daftari dogo lenye kurasa zilizoshonwa. Za kuchomoka huleta ubishi baadaye. Kila tukio liandike siku hiyohiyo kwa mistari minne: tarehe na saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na waliokuwepo. "Bosi ananidharau" haisaidii. "Jumanne tarehe 4, saa 3 asubuhi, kaunta ya mapokezi, alisema 'wewe hata mtoto wa darasa la pili anakuzidi', wateja wawili walikuwepo na mwenzangu wa zamu" inasaidia.

Daftari likae nyumbani. Likiwa kwenye droo ya ofisi, siku utakayoambiwa ukabidhi funguo na utoke, utaliacha.

Pamoja nalo, kusanya nakala za vitu vinavyokuhusu wewe: mkataba au barua ya ajira, hati zote za malipo, barua za onyo, fomu za likizo zilizokubaliwa au kukataliwa, tathmini za utendaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu na barua pepe kutumika kama ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo ya WhatsApp na bosi, na ukibadilisha simu hakikisha yamehama nawe. Picha ya skrini ni nzuri kwa kukumbuka, lakini mazungumzo yenyewe yakiwa bado kwenye simu yana nguvu zaidi.

Mpaka wake uujue pia. Orodha ya wateja, bei za wazabuni, mafaili ya hesabu za kampuni: hayo usiyatumie kwenye barua pepe yako binafsi. Watu wenye madai ya haki kabisa wamefukuzwa kwa kosa la kutoa siri za kampuni, na kosa hilo likameza madai yao.

Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Mwajiri anatakiwa na sheria kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na likitokea shauri naye akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai unamwangukia yeye. Hati za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi na taarifa ya michango ya NSSF zitaonyesha kwamba ulikuwa mwajiriwa.

Hatua ya 3: Zungumza naye, na uache alama ya mazungumzo

Bosi wengi wagumu hawajawahi kuambiwa kwa utulivu na mtu wa chini yao kwamba jambo fulani linakwamisha kazi. Omba dakika 15, asubuhi kabla kazi haijapamba moto, wala si siku ya kufunga hesabu za mwezi. Nenda na jambo moja. Ukienda na matano, atajibu lile dogo kuliko yote na kikao kitaisha.

Liweke upande wa kazi: "Bosi, samahani, nina jambo naomba ushauri wako. Wiki iliyopita maagizo ya mzigo wa Mwanza yalibadilika mara tatu, na kila mara nililazimika kurudia nyaraka. Naomba tukubaliane maagizo ya mwisho yawe yanakuja kwa ujumbe kabla ya saa 4, ili nisikuangushe." Hapo hujamwita kigeugeu. Umempa njia ya kukubali bila kushuka hadhi, na katika ofisi zetu, ambako heshima kwa mkubwa ni nusu ya kazi, njia hiyo ndiyo inayopitika.

Ndani ya saa chache mtumie ujumbe mfupi: "Habari za mchana bosi. Asante kwa muda wako. Kwa kumbukumbu, tumekubaliana kwamba maagizo ya mzigo yatakuja kwa maandishi kabla ya saa 4 asubuhi. Kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe." Asiposahihisha, una maandishi. Hiyo ndiyo dawa ya bosi anayekana maneno yake, na itumie kwa kila agizo zito la mdomo, hasa linalogusa fedha, stoo au saini yako.

Bosi anayefuatilia kila kitu hutulizwa kwa kumtangulia: ripoti ya mistari mitano kila Ijumaa mchana, yaliyokwisha, yaliyobaki, yaliyokwama na nani. Baada ya mwezi mmoja au miwili wengi hulegeza. Anayepora sifa za kazi yako mzuie kabla ya kikao kwa kutuma rasimu yenye jina lako kwa wahusika wote, badala ya kumkabidhi yeye peke yake. Anayefoka hadharani usimjibu hapohapo. Mwache amalize, sema "nimekusikia bosi, naomba nije ofisini kwako tulimalize", kisha nenda kweli.

Kosa linaloharibu yote katika hatua hii ni kumsema bosi kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Daima yumo mmoja wa kulipeleka, na siku ya kikao cha nidhamu utaonyeshwa maneno yako mwenyewe.

Hatua ya 4: Lalamiko la maandishi

Mazungumzo yakigonga mwamba mara mbili, andika. Ukurasa mmoja, kwa afisa rasilimali watu, au kwa mkurugenzi kama kampuni haina afisa huyo, au kwa aliye juu ya bosi wako. Uwe na mambo matano: wewe ni nani na cheo chako, matukio mawili au matatu yenye tarehe, ulichokwisha kufanya kulimaliza, unaomba nini hasa (kikao cha pamoja, kuhamishwa idara, kurudishiwa makato ya mwezi fulani), na unaomba jibu lini. Siku 7 za kazi ni muda wa haki.

Chapa nakala mbili. Moja ikabidhiwe, nyingine isainiwe na kugongwa muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe. Wakikataa kuipokea, itume kwa barua pepe ya ofisi au kwa rejista ya posta, utunze risiti. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi mahali pako, TUICO kwa viwanda na biashara au CHODAWU kwa mahoteli, mpe nakala mwakilishi.

Barua hii ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Sheria inatambua kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka uwe kwanza umetumia njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Aliyeondoka bila kuwahi kulalamika kwa maandishi hukwama hapo: atasema maisha yalikuwa hayavumiliki, mwajiri atauliza "mbona hukuwahi kutuambia?", na hatakuwa na la kuonyesha.

Hatua ya 5: Bosi akigeuka na kukushtaki

Mara nyingine lalamiko hujibiwa kwa barua ya kutakiwa kujieleza. Ipokee. Kukataa kuipokea hukuongezea kosa la ukaidi. Unaposaini, andika "nimepokea" na saa na tarehe, hivyo tu. Saini ya kupokea haimaanishi kukiri. Jibu tuhuma moja baada ya nyingine kwa namba zilezile walizotumia, bila kuomba msamaha wa jumla. Sentensi kama "naomba msamaha kwa yote yaliyotokea", iliyoandikwa kwa unyenyekevu tu, husomwa kesho yake kama kukiri kosa.

Kikao cha nidhamu kikiitishwa una haki hizi: kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, kuita mashahidi wako na kuwahoji wa mwajiri. Mwenyekiti awe mtu wa uongozi ambaye hakuhusika katika jambo lenyewe. Kama bosi anayekutuhumu ndiye mwenyekiti, omba lirekodiwe kwenye muhtasari kwamba umepinga, kisha endelea kujitetea. Usitoke nje kwa hasira, maana kikao kitaendelea bila wewe. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara wako unaendelea kamili.

Na usikae nyumbani ukijipa likizo. Kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya maana kwa zaidi ya siku 5 za kazi ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Mwajiri aliyekuwa hana sababu ya kukuondoa huwa amepewa sababu.

Hatua ya 6: Ukiambiwa "andika barua mwenyewe"

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa haki zao, na tunaomba usome taratibu. Unaitwa chumbani, mlango unafungwa, na kwa sauti ya huruma unaambiwa: "Tungeweza kukufukuza, lakini hatutaki kukuharibia jina. Andika barua ya kuacha kazi, sisi tutakulipa vizuri." Karatasi na kalamu vimewekwa mezani tayari.

Unapofukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Ukiandika barua mwenyewe, mzigo unahamia kwako: uthibitishe kwamba ulilazimishwa. Barua yenye mwandiko wako, inayomshukuru mwajiri "kwa fursa mliyonipa", ni ngumu mno kuipindua.

Fanya hivi. Sema: "Nimeelewa bosi, naomba muda nikashauriane na familia, nitawajibu kesho." Toka. Ukifika nje ya geti mtumie afisa huyo ujumbe ukieleza ulichoambiwa na nani alikuwepo. Kama ni makubaliano ya kweli ya kuachana, wataweza kuyaandika: kiasi gani, kinalipwa tarehe gani, likizo iliyobaki, cheti cha utumishi, na kwamba ni makubaliano ya pande mbili. Kabla ya kusaini linganisha kiasi hicho na hesabu utakayoipata katika hatua ya 9. Wakikataa kuandika chochote, basi ahadi ya kukulipa vizuri haikuwepo.

Hatua ya 7: Hesabu kabla ya kukubali kazi mpya

Usitoe notisi kwa ahadi ya mdomo au ujumbe wa "umepata, njoo uanze". Subiri mkataba au barua ya ajira iliyosainiwa, na isome ukitafuta mshahara wa msingi ni upi na posho ni zipi. Kampuni mbili zinaweza kukupa jumla ileile, moja ikiwa na msingi mdogo na posho nyingi. Kiinua mgongo, saa za ziada na malipo ya likizo hukokotolewa kwenye msingi, kwa hiyo tofauti hiyo utaiona baadaye.

Kisha hesabu cha mkononi. Tuchukue anayelipwa 900,000 kwa mwezi, aliyeahidiwa 1,200,000, zote zikiwa mshahara wa msingi. Kwa 900,000: NSSF asilimia 10 ni 90,000, kinachobaki, 810,000, kinatozwa kodi ya mapato ya mshahara (PAYE) 80,500, mkononi 729,500. Kwa 1,200,000: NSSF 120,000; PAYE kwenye 1,080,000 ni 152,000; mkononi 928,000. Nyongeza ya 300,000 imekuwa 198,500. Kama unakatwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu asilimia 15, mkononi kinakuwa 594,500 na 748,000, yaani nyongeza ya 153,500. Sasa toa nauli. Kama kazi mpya iko mbali na itakuongezea 3,000 ya usafiri kwa siku 26, hiyo ni 78,000. Kwa mwenye deni la Bodi, nusu ya nyongeza imeishia barabarani, pamoja na saa mbili za kila siku.

Mambo mengine ya kuyapitia wiki hiyo:

- Mkopo wa mshahara benki. Nenda ukaulize kabla hujatoa notisi: mkataba wako unasema nini ukihama mwajiri, na wanataka barua gani kutoka kwa mwajiri mpya. Kwenye SACCOS ya kazini kumbuka na waliokudhamini.
- Bima ya afya. Kadi hukatika ajira inapokoma. Matibabu ya meno, miwani na vipimo vya watoto vimalize kabla.
- Michango ya NSSF. Chukua taarifa yako na uilinganishe mwezi kwa mwezi na hati za malipo. Miezi iliyokatwa lakini haikupelekwa ni rahisi kuidai ukiwa bado ndani.
- Akiba. Kama unaondoka bila kazi nyingine, uwe na matumizi ya miezi mitatu. Mafao ya kukosa ajira ya NSSF humtaka mwanachama awe amechangia angalau miezi 18, na hayamhusu aliyeacha kazi kwa hiari.

Hatua ya 8: Notisi

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7, na kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila lazima ulingane kwa pande zote mbili. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haitembei sambamba na likizo. Hivyo ule mpango wa kuchukua siku 28 za likizo na kuzifanya notisi haukubaliki. Ukiacha kazi bila kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri ana haki ya kukata kiasi hicho kwenye malipo yako ya mwisho.

Angalia sana kama mkataba wako ni wa muda maalumu, wa mwaka mmoja au miwili. Mkataba huo hauvunjwi kwa notisi ya siku 28 kwa sababu tu umepata pazuri zaidi. Unatoka kabla ya muda kama mwajiri amevunja sharti la msingi, au akikubali mwachane. Omba makubaliano hayo kwa maandishi, la sivyo anaweza kukudai fidia.

Barua yenyewe iwe fupi: tarehe, cheo chako, kwamba unaacha kazi, siku ya mwisho ya kazi, na kwamba uko tayari kufanya makabidhiano. Sababu taja moja ya kweli. Kama unaondoka kwa sababu mazingira hayavumiliki, hapa ndipo pa kusema hivyo waziwazi, ukirejea lalamiko lako na tarehe yake. Ukiandika "kwa sababu za kifamilia" ili kuondoka kwa amani, usitegemee kuja kudai kinyume chake.

Makabidhiano yafanye kwa orodha: vifaa kwa namba zake, funguo, fedha taslimu, kazi zilizobaki, nywila za mifumo ya ofisi. Msaini wote wawili kila ukurasa. Kompyuta mpakato isiyo kwenye orodha huja kudaiwa miezi mitatu baadaye.

Hatua ya 9: Malipo ya mwisho

Unapoondoka kwa njia yoyote unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo iliyoiva ambayo hukuichukua, likizo ya kipindi kisichokamilika kwa kiwango cha mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, na cheti cha utumishi. Kama ajira imekomeshwa mahali tofauti na ulikoajiriwa, kuna pia gharama za kukurudisha wewe na mizigo yako ulikoajiriwa, na posho ya kujikimu wakati unasubiri usafiri.

Kiinua mgongo kinalipwa na mwajiri anapokuwa yeye ndiye amesitisha ajira baada ya angalau miezi 12 mfululizo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hakilipwi kwa aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26. Mwenye msingi wa 780,000 ana 30,000 kwa siku, yaani 210,000 kwa mwaka. Akiwa na miaka 5 na miezi 8 anahesabiwa miaka 5, ni 1,050,000.

Utaletewa fomu inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote. Usiisaini kabla fedha haijaingia, wala kabla ya kuona mchanganuo. Kama kuna kinachobishaniwa na wanakulazimisha, andika juu ya saini yako "nimepokea shilingi kadhaa, madai ya likizo na saa za ziada bado" na upige picha.

Hatua ya 10: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Tarehe ndiyo adui hapa. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri, na siku hizo ni za kalenda, Jumapili zikiwemo. Madai mengine, kama mshahara au makato, ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Watu hupitwa kwa sababu ya ahadi: "njoo wiki ijayo tutaongea". Waweza kuendelea kuongea, lakini fungua shauri. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa.

Jaza fomu Na. 1 ya Tume katika ofisi ya mkoa uliofanyia kazi. Mpelekee mwajiri nakala na upate uthibitisho kwamba ameipokea, kisha iwasilishe. Chagua aina ya mgogoro kwa uangalifu: aliyelazimishwa kuacha anajaza kuachishwa kazi, si madai ya mshahara pekee. Usuluhishi huja kwanza, ndani ya siku 30, na yanayosemwa humo ni siri. Usipohudhuria, shauri lako laweza kufutwa. Ukishindikana, linakwenda kwa mwamuzi, na anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Unaweza kusimama mwenyewe, au na chama, wakili au mwakilishi uliyemchagua.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Madai ya mshahara wake yanabaki palepale.

Hatua ya 11: Miezi 6 ya kwanza kwa bosi mpya

Sharti hilo la miezi 6 linakugusa upya unapohama, hata kama ulikotoka ulikaa miaka 12. Kwa hiyo wiki ya kwanza omba nusu saa na bosi mpya, umuulize mambo matatu: kazi gani akiiona imekamilika baada ya miezi mitatu ataridhika, anapenda taarifa kwa simu, ujumbe au ana kwa ana, na nani mwingine anaweza kukupa maagizo. Andika majibu, umrudishie kwa ujumbe. Omba tathmini ya katikati ya kipindi cha majaribio kwa maandishi, ili kama kuna upungufu uujue mapema. Usisimulie ubaya wa bosi wa zamani, hata ukiulizwa. Sema ulihitaji majukumu makubwa zaidi, na uishie hapo.

Mshahara wa kwanza ukiingia, kaa na hati ya malipo na mkataba pamoja. Angalia msingi unalingana, NSSF imekatwa kwa namba yako ileile ya uanachama na si mpya, na deni la Bodi ya Mikopo limeanza kukatwa. Likisahauliwa, toa taarifa mwenyewe mwezi huohuo kabla malimbikizo hayajaanza. Mwezi unaofuata, pitia taarifa yako ya NSSF uone kama mchango wa kwanza umefika.